Alama ya kambare wa Mekong: Ushahidi waja, wasikilizaji wachache

MWANZONI mwa Desemba 2024, wavuvi na wataalamu wa samaki nchini Kambodia walifanya kazi ambayo kwa miaka mingi ilionekana kuwa haiwezekani tena. Katika muda mfupi waliwanasa kambare wakubwa sita wa mto Mekong, wakawapima, wakawavisha alama na kuwarudisha majini wakiwa hai. Wawili kati yao walizidi urefu wa mita mbili, mmoja akiwa na uzito wa kilo 120 na mwingine kilo 131.

Kwa asiyefuatilia habari za mto huo, samaki sita ni idadi ya kudharauliwa. Lakini kambare huyo, ambaye wanasayansi humwita Pangasianodon gigas, yumo tangu mwaka 2003 katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kwenye orodha ya shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN. Kundi hilo liko hatua moja tu kabla ya kutoweka porini. Watafiti wanakadiria kuwa idadi yake imeporomoka kwa asilimia 80 katika miongo ya karibuni.

Uzito wa tukio lile, kwa hiyo, unapimwa kwa kitu kidogo ambacho samaki hao waliondoka nacho. Alama waliyovishwa inatarajiwa kusaidia kujibu swali ambalo nchi zinazotumia mto huo zimeshindwa kukubaliana kwa muda mrefu: samaki huyu husafiri hadi wapi, na ni nani anayemzibia njia?

Mekong ni mto wenye urefu wa zaidi ya kilometa 4,300. Huanzia katika nyanda za juu za Tibet, ukapita China, Myanmar, Laos, Thailand na Kambodia, kisha ukamwaga maji yake baharini nchini Vietnam. Katika bonde lake la chini huvuliwa zaidi ya tani milioni 2 za samaki kila mwaka, na hakuna bonde jingine la mto duniani lenye uvuvi wa maji baridi unaofikia kiwango hicho. Kwa mamilioni ya watu wa vijijini, samaki hao ndio kitoweo cha kila siku.

Siri ya wingi huo ni safari. Msimu wa mvua unapofika na Mekong ikafurika, mto Tonle Sap wa Kambodia hugeuza mwelekeo wake, maji yakarudi nyuma na kuingia katika ziwa lenye jina hilohilo. Ziwa ambalo wakati wa kiangazi huwa na takriban kilometa za mraba 2,500 hutanuka hadi kufikia 15,000 hivi na kumeza misitu inayolizunguka. Samaki huingia humo kula na kukua. Maji yanapoanza kupungua, karibu na Oktoba, hutoka kwa makundi kurudi Mekong, na hapo ndipo wavuvi wa karibu na Phnom Penh hutega nyavu zao kubwa za mfuko katikati ya mto.

Kutoka uvumi hadi ushahidi

Wavuvi wa Mekong hawakuhitaji mwanasayansi kuwaambia kwamba kambare mkubwa ni msafiri. Wale wa Chiang Khong, kaskazini mwa Thailand, walimvua kuanzia Aprili hadi Juni na wakaamini kuwa anapanda kwenda kutaga mayai. Wale wa Kambodia, mamia ya kilometa kusini, walimwona mwishoni mwa mwaka akitoka ziwani. Kilichokosekana ni uthibitisho kwamba samaki wa kaskazini na samaki wa kusini ni kundi moja.

Tofauti hiyo si jambo dogo. Kama ni makundi mawili, kila nchi inaweza kulinda la kwake na kuendelea na mipango yake. Kama ni kundi moja, basi wavu uliotegwa Kambodia unaweza kumaliza uvuvi wa Thailand, na ukuta uliojengwa Laos unaweza kuwanyima watu wa Kambodia kizazi kijacho cha samaki.

Wakati swali hilo likisubiri jibu, samaki walikuwa wakipungua. Mwaka 1990 wavuvi wa eneo la Chiang Khong na wenzao wa ng'ambo ya pili, upande wa Laos, walivua kambare wakubwa 69. Kuanzia mwaka 2001 hadi 2003 hawakupata hata mmoja. Mei 2005 alinaswa mmoja mwenye urefu wa mita 2.7 na uzito wa kilo 293, na picha yake ikaizunguka dunia. Samaki yule alikufa na nyama yake ikaliwa. Uzito wake ulijulikana hadi kilo ya mwisho, lakini alikotoka na alikokuwa akienda havikujulikana.

Ni pengo hilo ambalo alama zilikusudiwa kuliziba. Karibu na mwaka 2000, Idara ya Uvuvi ya Kambodia na mtafiti wa Kimarekani, Zeb Hogan, walianza utaratibu wa kuwalipa wavuvi wa nyavu za mfuko ili samaki wakubwa waliowanasa wavishwe alama ya plastiki yenye namba na kuachiwa, badala ya kupelekwa sokoni. Alama hiyo haitofautiani sana na hereni ambayo mfugaji humvisha ng'ombe wake. Mvuvi wa mbali akimpata samaki huyo na kutoa taarifa ya namba yake, hupewa zawadi, na watafiti hupata vitu viwili ambavyo hawakuwa navyo: mahali na siku.

Alama za namna hiyo hutumika pia kukadiria idadi. Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa samaki 100 wamevishwa alama na kuachiwa, na baadaye wakavuliwa 50 ambao watano kati yao wana alama, basi wenye alama ni sehemu moja ya kumi ya samaki wote, na jumla inakadiriwa kuwa 1,000.

Kwa kambare mkubwa wa Mekong, hata hivyo, hesabu hiyo inagonga mwamba. Samaki wanaovishwa alama kwa mwaka ni wachache mno, na wanaorudi mikononi mwa watu ni wachache zaidi. Huo ndio utata wa kiumbe aliye hatarini: kadiri anavyozidi kuhitaji kuhesabiwa, ndivyo anavyozidi kuwa mgumu kuhesabika. Kila samaki anayepatikana hai huwa na thamani ya kiutafiti inayozidi mara nyingi bei ya nyama yake.

Kuna utata mwingine. Thailand ilifanikiwa kumzalisha kambare huyo kwa njia za kitaalamu mwaka 1983, na tangu hapo vifaranga vingi vimepandwa katika mabwawa na mito. Mtu anaweza kumwona samaki huyo bwawani akadhani hatari imekwisha. Bila rekodi za waliozalishwa na kuachiwa, ni vigumu kujua kama anayevuliwa mtoni ni mzaliwa wa mto au ametoka katika tangi la serikali. Wanaohesabiwa kuwa hatarini ni wale wa mtoni, na ni wao pekee wanaoijua njia.

Alama zenye sauti

Namba iliyoandikwa kwenye plastiki ina udhaifu mmoja mkubwa. Huonyesha mahali safari ilipoanzia na mahali ilipoishia, bila kueleza kilichotokea katikati. Kwa sababu hiyo, teknolojia imesogea hatua mbili zaidi.

Hatua ya kwanza ni kidonge cha kielektroniki, kidogo mfano wa punje ya mchele, kinachopachikwa ndani ya mwili wa samaki. Hakina betri, hivyo kinaweza kudumu maisha yote ya samaki, lakini husomeka tu anapopita karibu kabisa na mashine ya kukisoma. Udhaifu huo huwa faida penye njia nyembamba, kama vile ngazi za maji zinazojengwa ili samaki wapande kupita bwawa la umeme. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Charles Sturt cha Australia, wakishirikiana na wenzao wa Laos, wametumia vidonge hivyo kuchunguza kama samaki wanapita kweli katika bwawa la Xayaburi.

Hatua ya pili ni kifaa chenye betri kinachotoa mlio ambao sikio la binadamu haliusikii, kila kimoja kwa namba yake. Vinasa mawimbi vinavyozamishwa mtoni huusikia mlio huo samaki anapopita na kuandika saa na tarehe. Safu ya vinasa hivyo, kutoka kituo hadi kituo, hufanya kazi kama vizuizi vya ukaguzi barabarani. Inawezekana kujua samaki alipita lini, kwa mwendo gani, na kituo gani hakukifikia.

Njia hiyo ilipata umaarufu Juni 2022. Mvuvi mmoja wa mkoa wa Stung Treng, kaskazini mwa Kambodia, alimnasa taa jike karibu na kisiwa cha Koh Preah. Alikuwa na uzito wa kilo 300 na urefu wa karibu mita 4 pamoja na mkia, akawa samaki mkubwa kuliko wote wa maji baridi waliowahi kupimwa na kuwekwa katika kumbukumbu. Alimpita kwa kilo saba yule kambare wa mwaka 2005. Watafiti walimfunga kifaa chenye mlio na kumwachia. Wanakijiji walimpa jina la Boramy, maana yake mbalamwezi.

Ni vema kutoipa alama sifa isiyokuwa nayo. Kumpachika kambare kifaa hicho humaanisha kumpasua tumbo kidogo na kumshona, kazi inayotaka mkono mwepesi na maji ya kutosha, kwa kuwa samaki aliyechoshwa na wavu anaweza kufa saa chache baada ya kuachiwa. Mto wenye matope na mawe huwa na kelele zinazoweza kuufunika mlio. Na alama inaponyamaza, kimya chake kina tafsiri nyingi. Huenda samaki amekufa, amepita mbali na vinasa, betri imekwisha, au amekwishaingia chunguni. Mtafiti mwaminifu hawezi kugeuza kimya kuwa takwimu.

Kuna pia alama ambazo samaki huzaliwa nazo. Kijiwe kilichomo ndani ya sikio lake hukua tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hubeba kemikali za maji aliyokuwa akiishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulitumia njia hiyo kwa ndugu mmoja wa kambare mkubwa, Pangasius krempfi, na kuonyesha kuwa huishi katika maji ya chumvi ya Vietnam kabla ya kupanda mto hadi Laos, safari ya zaidi ya kilometa 700. Ubaya wake ni kwamba kijiwe hakisomeki mpaka samaki afe. Kwa spishi iliyobakiza wachache, gharama hiyo haikubaliki, na ndiyo maana alama ya kuvishwa inabaki kuwa njia ya busara zaidi.

Mto mmoja, maamuzi mengi

Ushahidi huo unapatikana wakati mto wenyewe unabadilika kwa kasi. Bwawa la Xayaburi nchini Laos, lenye uwezo wa megawati 1,285, lilianza kuuza umeme Oktoba 2019. Don Sahong, lililo karibu na mpaka wa Kambodia, lilifuata mwaka 2020, likiwa limeziba mkono wa mto ambao samaki wengi waliutumia kukwepa maporomoko ya Khone wakati wa kiangazi. Bwawa jingine linajengwa karibu na mji wa kale wa Luang Prabang.

Kambodia nayo haina mikono mitupu. Mwaka 2018 ilizindua bwawa la Lower Sesan 2 katika mto unaoingia Mekong, ingawa utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuwa umekadiria kuwa bwawa hilo pekee lingepunguza wingi wa samaki katika bonde zima kwa asilimia 9.3.

Kisheria, nchi nne za bonde la chini, yaani Kambodia, Laos, Thailand na Vietnam, zimefungwa na mkataba wa mwaka 1995 uliounda Kamisheni ya Mto Mekong. China na Myanmar ni washiriki wa mazungumzo tu. Mkataba unaitaka nchi inayotaka kujenga bwawa katika mkondo mkuu ishauriane na wenzake kabla ya kuanza, lakini hauwapi wenzake uwezo wa kumzuia. Xayaburi ilikuwa mtihani wa kwanza. Majirani hawakuafikiana, na mwaka 2012 Laos ikaendelea na ujenzi.

Si haki kuilaumu Laos bila kuisikiliza. Ni nchi maskini isiyo na bahari, yenye milima na mito, na umeme ni miongoni mwa bidhaa chache inazoweza kuiuzia jirani tajiri. Sehemu kubwa kabisa ya umeme wa Xayaburi hununuliwa na Thailand. Anayewasha kiyoyozi mjini Bangkok ana sehemu yake katika ukuta uliojengwa Laos.

Hata hivyo, katika mvutano wa aina hii kukosekana kwa ushahidi hakukuwa kwa pande zote sawa. Kwa miaka mingi aliyetaka kujenga aliweza kusema kuwa hakuna uthibitisho kwamba samaki wakubwa hupita mahali pale, na aliyepinga hakuwa na la kujibu zaidi ya masimulizi ya wazee. Vinasa mawimbi vikiwekwa chini na juu ya ukuta, mzigo wa kuthibitisha unahama. Mjenzi atalazimika kuonyesha kwamba ngazi yake inampitisha samaki wa zaidi ya mita mbili, na si wale wadogo tu.

Isitoshe, kupanda ni nusu ya safari. Mayai na vifaranga hushuka vikibebwa na mkondo. Vikifika katika maji yaliyotulia nyuma ya bwawa, hukosa mkondo huo. Kifaranga cha siku chache hakiwezi kuvishwa kifaa chochote kilichopo leo. Kwa hiyo alama inaweza kuthibitisha kuwa mama alipita, na bado isiseme lolote kuhusu watoto.

Wapo waliowahi kusita. Februari 2020, Thailand iliufuta mpango wa kulipua mawe ya Mekong ili meli kubwa zipite, mpango ambao ungegusa eneo lilelile la kaskazini linalodhaniwa kuwa mazalio ya kambare mkubwa. Mwezi uliofuata, Kambodia ilitangaza kuwa haitajenga mabwawa katika mkondo mkuu kwa miaka kumi. Maamuzi hayo yalitokana na sababu nyingi, za kisiasa na za kiuchumi. Yanaonyesha tu kwamba serikali inaweza kurudi nyuma, na kwamba muda wa Kambodia unakwisha mwaka 2030.

Mvuvi ndiye kiungo

Katika mjadala huu wa megawati na mikataba, mtu anayesahaulika ni yule anayeushika wavu. Taa wa mwaka 2022 asingejulikana kama mvuvi aliyemnasa asingewapigia simu watafiti. Kambare sita wa mwaka 2024 wangekuwa kitoweo. Alama, iwe ya shilingi chache au ya mamia ya dola, huanza na uamuzi wa mtu mwenye njaa ya kawaida na deni la kawaida.

Ndiyo maana malipo yana umuhimu. Mvuvi wa taa yule alilipwa takriban dola 600, bei ambayo angeipata sokoni. Inaweza kuhojiwa kwamba fedha za namna hiyo zitawashawishi wengine kuwawinda samaki adimu makusudi. Hoja hiyo ina mantiki, na dawa yake ni kulipa kisichozidi bei ya soko na kusimamia sheria. Lakini kumtaka mvuvi abebe peke yake gharama ya kuhifadhi mali ya dunia ni kumwonea.

Na muda hauko upande wa mtu yeyote. Watafiti waliripoti mwaka 2024 kuwa ukubwa wa kambare hao wanaovuliwa umepungua kwa asilimia 40 katika miaka 25. Samaki anayechukua miaka mingi kukomaa akivuliwa kabla ya kutaga hata mara moja, mto unaweza kuwa na kambare leo na usiwe na warithi wao kesho.

Fedha za kufuatilia nazo zimetikisika. Mradi mkubwa wa utafiti wa samaki wa Mekong, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, kuanzia mwaka 2017, uligharimiwa na shirika la misaada la Marekani, USAID. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa. Nchi za Mekong zinapata mabilioni ya kujengea kuta. Kuiacha kazi ya kuwasikiliza samaki itegemee hisani ya taifa la mbali ni kujiweka pabaya.

Mfano wa kutosha uko China. Januari 2003, karibu na mji wa Yibin katika mto Yangtze, wavuvi walimnasa samaki mwenye pua ndefu mfano wa kasia, wa spishi ambayo njia yake ilikuwa imekatwa na bwawa la Gezhouba tangu mwaka 1981. Wanasayansi walimtibu, wakamfunga kifaa chenye mlio na kumwachia. Baada ya muda mfupi mlio ukapotea. Hakuonekana tena, wala hakuonekana mwingine wa aina yake. Mwaka 2022 IUCN ilitangaza kuwa spishi hiyo imetoweka duniani.

Alama ile haikuwa na kasoro. Ilifungwa zaidi ya miaka ishirini baada ya njia kukatwa, wakati hakukuwa na njia iliyobaki ya kufuatiliwa. Kambare wa Mekong bado hajafika hapo. Kutoka Tonle Sap hadi kaskazini mwa Kambodia mto bado uko wazi, na samaki sita wenye namba zao wako humo. Kitakachoamua ni kama mvuvi atakayemnasa mmoja wao atapiga simu, kama kutakuwa na wa kuipokea, na kama mawaziri watakaokaa mezani kuelekea mwaka 2030 watakubali kuisoma ramani itakayochorwa na namba hizo kabla ya kutia saini.